Belenenses: klabu ilipobaki na uwanja, kampuni ikaondoka na ligi

Tarehe 27 Novemba 2021 Benfica walikwenda kucheza ligi kuu ya Ureno wakawakuta wenyeji wao wana wachezaji tisa tu. Hakukuwa na kadi nyekundu. Wenyeji walikuwa wamekumbwa na korona, ile aina mpya ya kirusi iliyokuwa inaanza kutangazwa siku zilezile kutoka kusini mwa Afrika, na waliobaki wazima hawakutosha kujaza kikosi. Katika hao tisa, mmoja aliyepangwa kucheza ndani alikuwa kipa. Hadi mapumziko ilikuwa 7-0. Kipindi cha pili wakarudi saba. Dakika chache tu zilipita, mmoja wao akakaa chini, hawezi kuendelea. Timu ikibaki na watu sita mchezo hauwezi kuendelea, hivyo mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho.

Usiku ule vyombo vya habari vya nchi nyingi viliandika kwamba Belenenses wamepigwa saba. Wenyewe Belenenses, klabu iliyoanzishwa mwaka 1919, hawakuwa hata kwenye ligi hiyo. Walikuwa daraja la nne, wakipambana na timu za miji midogo. Waliofungwa na Benfica walijulikana kwa jina la B-SAD.

Nimeshuhudia watu wanaoufuata mpira wa Ulaya kila wiki wakishindwa kulielewa jambo hili, na siwalaumu. Inawezekanaje klabu moja iwe mbili, tena moja iwe juu na nyingine chini? Ili kulifungua fundo hili inabidi kwanza tuijue klabu yenyewe, halafu tuiangalie sheria ya Ureno inayoruhusu timu ya mpira kuwa na mwenye mali ambaye si klabu.

Belém ni sehemu ya magharibi ya jiji la Lisbon, kando ya mto Tejo, karibu na pale mto unapoingia baharini. Kwa Kireno jina hilo ni Bethlehemu, na Belenenses maana yake ni watu wa Belém. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kupajua mahali hapa hata kama mpira haumhusu. Ufuo wa hapo uliitwa Restelo, na ndipo merikebu za Vasco da Gama zilipong'oa nanga Julai 1497, katika safari iliyozifikisha Mombasa na Malindi Aprili 1498. Msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo, shirika la kidini na kijeshi la Ureno, uliochorwa kwenye matanga ya merikebu za Wareno, ndio uliomo kwenye nembo ya Belenenses hadi leo. Kwa wazee wa pwani msalaba ule ulikuja pamoja na mizinga. Kwa mtoto wa Belém ni alama ya jezi ya buluu aliyovalishwa na babu yake. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kuitazama nembo hiyo bila kuyawaza yote mawili.

Afrika nayo imeacha alama yake kwenye klabu hii, tena kwa njia ya fahari. Mwaka 1951 alifika hapo kijana kutoka Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, jina lake Lucas Sebastião da Fonseca, lakini kila mtu alimwita Matateu. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno msimu wa 1952/53 na tena 1954/55, miaka kabla ya Eusébio kupanda ndege kutoka mji uleule kwenda Benfica. Ndugu yake, Vicente Lucas, alimfuata Belenenses akawa beki aliyecheza Kombe la Dunia la 1966, Ureno iliposhika nafasi ya tatu. Mwaka huohuo alipata ajali ya gari, akapoteza jicho moja, na mpira wake ukaishia hapo.

Kwa hiyo tunazungumzia klabu kubwa. Ilitwaa ubingwa wa Ureno msimu wa 1945/46. Tangu ligi ianze, ukiwaondoa Benfica, Porto na Sporting, ni klabu mbili tu zimewahi kuwa bingwa: Belenenses, na Boavista mwaka 2001. Kombe la Ureno wamelibeba mara tatu, 1942, 1960 na 1989, na ile ya 1989 waliifunga Benfica 2-1 kwenye fainali. Real Madrid walipofungua uwanja wao mpya Desemba 1947, ule uliokuja kuitwa Santiago Bernabéu, mgeni waliyemwalika ni Belenenses. Uwanja wao wenyewe, Restelo, ulifunguliwa mwaka 1956 juu ya kilima, na ukikaa jukwaani unauona mto.

Mambo yalianzia kwenye madeni, kama inavyokuwa kwa klabu nyingi.

Ureno, kama nchi nyingine za Ulaya ya kusini, ilikuwa na klabu za wanachama. Mwanachama, ambaye Wareno humwita sócio, analipa ada yake, anapiga kura, anamchagua rais. Klabu haina mwenyewe zaidi ya hao. Katika miaka ya 1990 serikali iliona pesa zimekuwa nyingi mno kwa utaratibu wa namna hiyo: marais wanakopa, wanaondoka, deni linabaki. Sheria ya mwaka 1997 ikaweka utaratibu wa kampuni ya hisa ya michezo, kwa kifupi SAD. Klabu ingeweza kuichukua timu yake ya mpira wa miguu, ikaiweka ndani ya kampuni, na hisa za kampuni hiyo zikauzwa. Kisha Januari 2013 ikaja sheria nyingine iliyoondoa hiari: timu yoyote inayocheza madaraja mawili ya juu, yaani yale ya kulipwa, ni lazima iwe chini ya kampuni. Inaweza kuwa SAD yenye wanahisa wengi, au kampuni ya mwanahisa mmoja iitwayo SDUQ, ambayo klabu yenyewe inaimiliki yote.

Hapa ndipo penye siri yote ya kisa hiki, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kampuni inapoanzishwa, klabu haiikabidhi wachezaji na makocha peke yao. Inaikabidhi haki ya kushiriki ligi. Nafasi katika daraja la kwanza, ambayo wanachama wanadhani ni yao kwa sababu babu zao waliipigania, kisheria inahamia kwenye kampuni. Klabu inabaki na hisa. Sheria ya 2013 ilisema hisa za klabu iliyoanzisha SAD zisipungue asilimia 10, na hisa hizo zina nguvu ya pekee: klabu inaweza kuzuia kampuni isihamishe makao, isijiunganishe na nyingine, isibadilishe nembo wala rangi. Ni kinga nzuri, ila ni kinga ya kuzuia tu. Mwenye asilimia 10 anaweza kusema hapana kwa mambo machache. Hawezi kusema nani awe kocha, nani auzwe, wala lini timu irudi mikononi mwake.

Mwaka 2012 Belenenses walikuwa daraja la pili, wamelemewa na madeni. Wakauza asilimia 51 ya SAD yao kwa kampuni ya Codecity. Haki itendeke: upande wa mpira, miaka ya mwanzo ilikwenda vizuri. Mwaka 2013 timu ilipanda kwa kutwaa ubingwa wa daraja la pili. Msimu wa 2014/15 ilimaliza ya sita, na mwaka uliofuata ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Europa, ikapangwa na Fiorentina, Basel na Lech Poznań. Mtu aliyekuwa anatazama matokeo peke yake angesema mwekezaji ameiokoa klabu.

Lakini nyumba ilikuwa na mabwana wawili. Klabu ilikuwa na rais aliyechaguliwa na wanachama, kampuni ilikuwa na bodi iliyochaguliwa na wenye hisa. Klabu iliamini makubaliano ya 2012 yaliiachia njia ya kuzinunua tena hisa zake, kampuni ikapinga. Wakapelekana kwa wasuluhishi, wakapelekana mahakamani. Wakazozana kuhusu kodi ya uwanja, kuhusu matumizi ya nembo, na kuhusu nani hasa ana haki ya kusema "sisi ndio Belenenses". Mwisho wa Juni 2018 mkataba wa kampuni kutumia Restelo ulikwisha, na hawakuandikiana mwingine.

Sasa tazama mgawanyo ulivyokwenda. Kampuni iliondoka na nafasi ya ligi kuu, mikataba ya wachezaji, na pesa za televisheni. Klabu ilibaki na Restelo, nembo, jina, makombe kabatini, wanachama, timu za raga, mpira wa mikono na michezo mingine, pamoja na vijana wengi wa kitongoji. Timu ya kampuni ikahamia Uwanja wa Taifa, Jamor, kilomita chache kutoka hapo, mahali palepale Belenenses walipobeba kombe mwaka 1989. Walicheza ligi kuu mbele ya viti vingi vitupu. Mahakama ikaizuia kampuni isitumie jina na msalaba wa klabu, na ndiyo maana ikabuni nembo mpya, hatimaye ikabaki kuitwa B-SAD, jina ambalo shabiki hawezi kulitia kwenye wimbo.

Klabu nayo iliandikisha timu mpya, ila haikuwa na nafasi ya ligi hata moja. Kwa shirikisho la soka ilikuwa kama timu iliyozaliwa jana. Bingwa wa 1946 akaanzia daraja la sita, chini kabisa, kwenye ligi ya wilaya ya Lisbon.

Piramidi ya Ureno inaeleweka kwa urahisi ukiitazama kutoka chini. Kuna vyama 22 vya soka vya wilaya na visiwa, na kila kimoja kina madaraja yake. Huko ndiko sisi tunakoita mchangani, ingawa viwanja vingi ni vya nyasi bandia. Bingwa wa wilaya anapanda kwenda mashindano ya taifa yaitwayo Campeonato de Portugal, yenye timu 56 zilizogawanywa kanda nne. Juu yake ni Liga 3, iliyoanzishwa 2021, ambayo sasa ina timu 20 katika kanda mbili. Mpaka hapo msimamizi ni shirikisho au chama cha wilaya. Ukivuka Liga 3 unaingia mikononi mwa chombo kingine, Liga Portugal, kinachoendesha madaraja mawili ya kulipwa, kila moja na timu 18. Na mpaka huo ndio uleule ambao sheria inaanza kudai kampuni.

Maisha chini ya mpaka huo yanastahili kusemwa kidogo, kwa sababu ndiko waliko wachezaji wengi wa Ureno. Kwenye ligi za wilaya mchezaji anafanya kazi mchana na kufanya mazoezi usiku chini ya taa. Analipwa posho ya nauli, labda na bahasha ya ushindi. Ukipanda Campeonato de Portugal unakuta mchanganyiko: timu moja ina fundi bomba, mwanafunzi wa chuo kikuu, na kijana aliyetemwa na akademi kubwa akiwa na mkataba kamili. Hali hiyo ndiyo inayoitwa nusu kulipwa, na ina mateso yake. Anayeishi kwa mpira na anayeucheza baada ya kazi wanadaiwa pumzi ileile dakika ya 85.

Pesa ni kidogo. Ureno mpaka sasa kila klabu inauza haki zake za televisheni yenyewe, kwa hiyo vigogo watatu wanachukua fungu kubwa na wa chini hawaambulii kitu. Amri ya serikali ya mwaka 2021 imetaka haki hizo ziuzwe kwa pamoja kuanzia msimu wa 2028/29, ila hiyo ni kwa madaraja ya kulipwa. Walio chini wanategemea ada za wanachama, viingilio, duka la vinywaji, mdhamini wa mtaani na mkono wa manispaa. Mara mojamoja inashuka neema kutoka mbali: mchezaji waliyemlea akiuzwa nje ya nchi, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya bei na kuigawa kwa klabu zilizomlea toka miaka 12 hadi 23. Kwa klabu ya kijiji pesa hiyo inaweza kuezeka jukwaa.

Belenenses walikuwa na kitu ambacho wapinzani wao wa wilaya hawakuwa nacho, yaani uwanja mkubwa na watu wa kuujaza kwa sauti. Timu za vitongoji zilizozoea kucheza mbele ya ndugu na majirani zilijikuta zinaingia Restelo. Mwaka 2019 wakapanda. Mwaka 2020, msimu uliokatishwa na korona, wakapanda. Mwaka 2021 wakapanda tena, na hapo ngazi yenyewe ikaongezewa kipandio: Liga 3 ilipoanzishwa, Campeonato de Portugal lililokuwa daraja la tatu likawa la nne. Hawakukata tamaa, wakapanda 2022. Msimu wa 2022/23 wakapanda kutoka Liga 3. Misimu mitano, wamepanda mara tano.

Waliopanda nao mwaka huo walikuwa União de Leiria, na jambo hilo si dogo. Aprili 2012 SAD ya Leiria iliingiza wachezaji wanane uwanjani kwenye mechi ya ligi kuu, kwa sababu wengine walikuwa wamevunja mikataba wakidai mishahara. Huko Vila das Aves yalitokea mengine. Timu ya Aves ilibeba Kombe la Ureno mwaka 2018, mwaka 2020 SAD yake ikaanguka, na watu wa mji wakaanza upya ligi ya wilaya. Mwaka 2023 SAD ya Vilafranquense, timu ya mji mwingine kabisa karibu na Lisbon, ikahamishia nafasi yake ya daraja la pili hapo Vila das Aves kwa jina la AVS, na mwaka mmoja baadaye ikawa ligi kuu. Mji mmoja ulipoteza timu bila kushuka daraja, mwingine ukapata timu bila kupanda. Mimi hili naliona ni baya, hata kama kila karatasi ilisainiwa inavyotakiwa. Bunge la Ureno nalo lilipitisha sheria mpya ya makampuni ya michezo mwaka huohuo wa 2023, inayotaka wamiliki wajulikane na wapimwe uadilifu wao. Ni hatua, lakini haijagusa kiini: nafasi ya ligi bado ni mali ya kampuni.

Wasomaji wa Tanzania wataona kwa nini kisa hiki kinanigusa. Mabadiliko ya Simba na Yanga yamebishaniwa kwa miaka juu ya asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji. Wapo wanaoona sharti hilo linawafukuza matajiri. Belenenses waliuza asilimia 51, na tofauti ya hizo mbili tu, kutoka 49 kwenda 51, ndiyo iliyoamua nani anabaki na ligi siku ya kuachana. Pamoja na hayo, nisingependa mtu adhani asilimia ndiyo jibu lote. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni tukiachana, nafasi ya ligi inakwenda na nani? Kama mkataba haulijibu, sheria italijibu, na huenda jibu lake lisiwafurahishe wanachama.

Turudi Lisbon, mwaka 2023, maana kalenda ilipanga jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. B-SAD walikuwa wameshuka kutoka ligi kuu mwaka 2022. Msimu uliofuata, daraja la pili, walimaliza kwenye nafasi ya mchujo, wakafungwa na Länk Vilaverdense, wakashuka tena. Hiyo ilikuwa miezi ileile Belenenses walipokuwa wanapanda kuingia daraja la pili. Walipishana ngazini, mmoja anapanda na mwingine anashuka, bila kukutana hata mechi moja. Kiangazi hicho kampuni ilijiunganisha na Cova da Piedade, klabu ya ng'ambo ya kusini ya mto.

Na kwa Belenenses, lango la daraja la pili lilikuwa na sharti lilelile: anayeingia lazima awe na kampuni. Wanachama waliotembea misimu mitano kuikimbia SAD walifika juu wakakuta sheria inawangoja. Safari hii walijua wanachosaini. Kile kifungu cha kampuni ya mwanahisa mmoja, ambacho mwaka 2013 wengi walikiona ni cha klabu ndogo zisizo na mnunuzi, kilikuwa na maana nyingine kabisa kwa watu waliokwisha kupoteza nafasi yao mara moja.

Daraja la pili halikuwa rahisi. Mwaka 2024 walishuka, wakarudi Liga 3, chini ya ule mpaka. Restelo haukuhama. Siku ya mechi bado unawaona wazee wenye skafu za buluu wakipanda kilima kutoka mtoni, wengine wakiwa na kadi za uanachama za miaka mingi, wakienda kuitazama timu ya daraja la tatu.